Lori lililobeba gari la mashindano

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Kazi ya gazeti ndiyo hiyo, ukipangiwa kwenda mkoani unabeba begi unakwenda. Safari hii nilipangiwa mbio za magari, na jambo lililonikuta huko ndilo lililonipeleka kwenye mada ya leo, ingawa mada yenyewe iko mbali sana na kwetu. Vumilieni, mtaona nilivyofika.

Mbio ziliisha Jumapili jioni. Nilimhoji mshindi, nikamhoji msoma ramani wake, nikamhoji na mdhamini. Wakati nafunga daftari, mzee mmoja aliyekuwa akifunga minyororo kwenye lori lililobeba lile gari la ushindi akaniuliza: "Mwanangu, na mimi umeniandika?" Nikacheka, nikamwambia, "Usijali mzee, tutaona." Nikaondoka. Sikumwandika. Hata jina lake sikumuuliza.

Lile swali likanikaa kichwani. Niliporudi Dar nikaanza kutafuta: hivi kuna mtu yeyote amewahi kuandika historia ya malori yanayobeba magari ya mashindano? Nikajikuta naishia California, Marekani, miaka ya 1930 na 1940, kwa vijana waliokuwa wakitengeneza magari yenye kasi kutokana na skrepa, kisha wakajitengenezea na malori ya kuyabebea kwenda jangwani. Haya, twende pamoja.

KWANZA, WALIKUWA WANAKWENDA WAPI?

Kaskazini na mashariki ya Los Angeles, ukishavuka milima, kuna jangwa la Mojave. Ndani yake kuna maziwa makavu: Muroc, Rosamond, Harper na El Mirage. Msidhani ni maziwa ya kuvulia samaki. Mvua za msimu wa baridi huleta maji kidogo, upepo unayasukuma huku na huku, tope linajilaza kama limepigwa plasta, kisha jua linakausha. Kinachobaki ni uwanja mgumu, tambarare kabisa, usio na mti wala jiwe. Muroc pekee una zaidi ya kilomita za mraba 100. Jina lenyewe lina kichekesho: ndugu wawili wa ukoo wa Corum walihamia pale mwaka 1910, na jina lao likigeuzwa nyuma mbele ndiyo Muroc.

Sasa mpe uwanja kama huo kijana wa miaka 20 mwenye gari. Kuanzia miaka ya 1920 vijana wa Los Angeles walikuwa wanakwenda huko kujua kitu kimoja tu: gari langu linakimbia kiasi gani? Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda chama kiitwacho SCTA, na mwaka 1938 chama kikaendesha mashindano yake ya kwanza pale Muroc. Magari yao ndiyo yaliyokuja kuitwa hotirodi.

Hawakuwa watoto wa matajiri. Wakati huo Marekani ilikuwa inatoka kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi. Kilichowasaidia ni Ford. Kampuni hiyo ilikuwa imetengeneza zaidi ya magari milioni 15 ya Model T kati ya 1908 na 1927, halafu ikaja Model A, na mwaka 1932 ikatoa gari la bei nafuu lenye injini ya V8. Kwa hiyo viwanja vya skrepa vilijaa Ford. Kijana angeweza kununua chesisi hapa, bodi pale, injini kwingine, akaunga mwenyewe nyuma ya nyumba ya wazazi wake.

MWANZONI LORI HALIKUHITAJIKA

Hapa ndipo penye utamu wa historia hii. Mwanzoni hapakuwa na lori lolote. Gari la kukimbilia ndilo hilo hilo la kuendea kazini Jumatatu. Jumamosi usiku kijana anatoka mjini, anapanda milima, anaendesha kama kilomita 150, analala chini kando ya gari. Alfajiri anafungua madigadi, anatoa kioo cha mbele, taa na kila kitu kinachokamata upepo, anarundika chini. Anakimbia. Jioni anafunga vyote tena na kurudi nyumbani.

Vic Edelbrock, ambaye baadaye jina lake lilikuja kuandikwa kwenye vipuri vya injini dunia nzima, alikuwa na Ford ya mwaka 1932 ya namna hiyo. Novemba 1941 aliikimbiza pale Rosamond maili 121 kwa saa, yaani karibu kilomita 195. Gari hilo hilo ndilo alilokuwa akilitumia barabarani siku za kawaida.

Lakini mpango huo ulikuwa na ubaya wake. Injini ikivunjika jangwani, umebaki. Hakuna gereji, hakuna kijiji, simu hakuna. Rafiki anakufunga kamba anakuvuta kilomita 150 usiku, kupanda na kushuka milima. Ndipo wakaanza kuchomelea chuma chenye umbo la pembetatu mbele ya gari la mashindano, kinachofungwa kwenye bampa la gari la mbele, ili lile la nyuma lifuate bila mtu kushika usukani. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya gari kubebana na gari.

Hatua ya pili ililetwa na kasi yenyewe. Kadiri walivyotaka kwenda haraka zaidi, ndivyo magari yalivyoacha kufaa barabarani. Mwaka 1940 kijana mmoja, Bob Rufi, alikimbia pale Harper wastani wa maili 140 kwa saa, karibu kilomita 225, kwa gari jembamba lenye umbo kama la samaki na injini ndogo ya Chevrolet ya silinda nne. Chombo kama hicho huwezi kukipitisha mjini katikati ya magari na waenda kwa miguu. Lazima kibebwe au kivutwe.

VITA, NA MATENKI YA NDEGE

Marekani ilipoingia kwenye Vita Kuu ya Pili mwishoni mwa 1941, mambo yakasimama. Vijana wengi wakaingia jeshini, petroli ikaanza kutolewa kwa mgao nchi nzima kufikia Desemba 1942, na Muroc ikachukuliwa moja kwa moja na jeshi la anga. Leo pale ni kambi ya Edwards, na ni juu ya anga hiyo ndege iliruka kwa mara ya kwanza kwa kasi kuliko sauti, Oktoba 1947. Wakimbizaji wa magari wakahamia El Mirage.

Lakini vita viliwarudishia kitu. Walioondoka wakiwa vijana wa kubahatisha walirudi wakiwa mafundi. Jeshi lilikuwa limewafundisha kuchomelea, kufungua injini na kusoma michoro. Na serikali ilikuwa na milima ya vifaa isivyovihitaji tena, ikawa inauza kwa bei ya kutupa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Bill Burke. Mwaka 1946 alichukua tenki la akiba la mafuta, lile linaloning'inizwa chini ya ndege ya kivita ya P-51, akaweka injini ya Ford ndani yake na kuligeuza gari. Wakati wa vita alikuwa ameyaona matenki hayo kule Pasifiki, akayapenda kwa umbo lake la tone la maji. La kwanza lilikuwa dogo, dereva akakaa juu kama amepanda baiskeli. Baadaye akatumia tenki kubwa zaidi la ndege ya P-38, akaweka injini nyuma na dereva akaingia ndani. Wengine wakaiga haraka, na matenki ya ndege yakawa jambo la kawaida jangwani.

Sasa fikiria tenki la ndege lenye magurudumu manne, bila taa, bila madigadi, linalokaa sentimita chache kutoka ardhini. Litafikaje jangwani? Jibu ndilo lori letu.

LORI LENYEWE LILITENGENEZWAJE?

Lori jipya la kununua dukani halikuwa kwenye ndoto zao. Kila dola ilikwenda kwenye injini ya mashindano. Kwa hiyo walifanya kwa lori kile walichokuwa wamefanya kwa gari: wakaunga.

Njia moja ilikuwa kutafuta gari kubwa la zamani, lililokuwa la mwenye nacho, Cadillac, Lincoln, Buick au Packard. Magari haya yakishazeeka hayakuwa na soko, kwa sababu yanakunywa mafuta, lakini yalikuwa na chesisi nzito na injini yenye nguvu ya kuvuta. Unakata bodi nyuma ya viti vya mbele. Unafunga sehemu iliyobaki kwa bati, unapata kichwa cha kukaa watu watatu. Nyuma unaweka kitanda cha mbao. Tayari una pikapu.

Kama gari la mashindano lilikuwa la kubebwa na siyo kuvutwa, kazi ilikuwa kubwa zaidi. Chesisi inakatwa katikati, inaongezwa vipande vya chuma na kuchomelewa upya ili kitanda kiwe kirefu. Kukiwa kirefu, shafti nayo lazima irefushwe, kamba za breki nazo zirefushwe, na springi za nyuma ziongezwe majani zisikalie ekseli. Wengine waliondoa ekseli ya gari dogo wakaweka ya lori. Mwisho zinakuja mbao mbili nene za kupandishia na winchi ya mkono. Mafundi wetu wa Gerezani wakisoma hapa watatikisa kichwa kwa kukubali, maana hesabu ni ile ile: ukirefusha kitu kimoja, umejipa kazi ya kubadilisha vingine vitano.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo ukiikosea unaua watu. Uzito. Ukiliweka gari nyuma sana ya ekseli ya nyuma, pua ya lori inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi kama wa toroli. Ukiliweka mbele sana, injini mbili zinalalia ekseli ya mbele na breki hazitoshi. Na breki za magari ya miaka ya 1930, nyingi zikiwa za kamba na vyuma bila mafuta, hazikutengenezwa kwa ajili ya mzigo wa gari zima mgongoni.

NJIANI

Kwenda El Mirage kutoka Los Angeles wengi walipita Cajon, njia ya mlimani iliyokuwa sehemu ya ile barabara maarufu ya 66. Inapanda zaidi ya mita 1,200. Hapo ndipo malori ya kujitengenezea yalipopimwa.

Injini ya V8 ya Ford, ambayo kila kijana aliipenda kwa bei yake, ilikuwa na kasoro moja: njia za moshi zilipita ndani ya bloku lenyewe, katikati ya maji ya kupoozea. Kwa hiyo joto la moshi liliishia kwenye rejeta. Barabara tambarare haina neno. Mpe mlima, mzigo na jua la Mojave, inachemka. Ndiyo maana wasafiri wa jangwa lile walining'iniza mifuko ya turubai yenye maji mbele ya magari. Turubai inavuja jasho kidogo, upepo unalikausha, maji ya ndani yanabaki ya baridi.

Mwaka 1949 safari ikawa ndefu zaidi. SCTA ilipata ruhusa ya kukimbilia kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, na mwezi Agosti mwaka huo ikafanyika wiki ya kwanza ya mbio. Kutoka Los Angeles ni karibu kilomita 1,000, kama kutoka Dar kwenda Tunduma na zaidi kidogo, kuvuka majangwa mwezi wa joto kali. Hapo lori likaacha kuwa anasa. Mwaka huo gari la duka la So-Cal, la Alex Xydias na Dean Batchelor, lilipita maili 193 kwa saa, zaidi ya kilomita 310. Mwaka uliofuata likavuka maili 200. Watu wanakumbuka namba hizo, na wana haki. Lakini gari lile halikujipeleka Utah.

PALE UWANJANI

Nilidhani lori likishafika linaegeshwa, dereva analala. Nilikosea.

Kwanza, lori lilikuwa nyumba. Turubai lilifungwa ubavuni likawa kivuli pekee kwenye uwanda mweupe unaorudisha jua usoni. Lilikuwa gereji na stoo: spana, gasketi, kabureta za akiba, mafuta, maji, hata injini nzima. Mwaka 1952 timu ya Xydias ilikwenda Bonneville na tenki moja la ndege na injini tatu za ukubwa tofauti. Walikuwa wanatoa moja na kuweka nyingine ili gari lile lile lishindane katika madaraja matatu, na kwa injini kubwa likafika maili 198 kwa saa. Injini hizo zote hazikuja kwa ungo, wadau. Mtu alizibeba.

Pili, na hili ndilo lililonishangaza zaidi: lori lilikuwa sehemu ya mbio zenyewe. Gari lililopangwa kwa kasi kubwa huwekewa gia ndefu mno, kiasi kwamba kuondoka lenyewe kutoka kusimama ni kuunguza klachi. Mengine hayakuwa hata na stata. Kwa hiyo lori lilikuja nyuma, bampa kwa bampa, likalisukuma taratibu mpaka mwendo ukakolea, dereva wa mbele akaachia klachi, injini ikawaka, lori likajiweka pembeni. Mpaka leo kule Bonneville magari mengi huanza kwa kusukumwa. Kila rekodi ya namna hiyo ilianza na mguu wa dereva wa nyuma, ambaye akisukuma vibaya anampindua mwenzake.

BAADA YA HAPO

Miaka ya 1950 malori haya yakaanza kupendeza. Mwaka 1955 Mercedes-Benz ya Ujerumani ilikuwa na lori la kubebea magari yake ya mashindano lililokuwa na injini ya gari la michezo la 300 SL na uwezo wa kufika kilomita 170 kwa saa likiwa na gari mgongoni. Kampuni ilijitoa kwenye mbio mwisho wa mwaka huo, na mwaka 1967 lori likakatwa skrepa. Miaka mingi baadaye Mercedes wenyewe walijuta, wakalazimika kujenga jingine linalofanana nalo.

Picha za lori lile zilifika California. Fundi mmoja, Norman Holtkamp, akajiuliza kwa nini asijitengenezee lake. Akachukua chesisi ya Mercedes, akaweka injini ya V8 ya Chevrolet, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akatoa lori la chini, refu, lililoitwa Cheetah, ndiyo, duma. Baadaye likawa mali ya Dean Moon, mwenye duka maarufu la vipuri kule Santa Fe Springs, ambaye mwenyewe alikulia kwenye mbio za maziwa makavu.

Cheetah limesalia kwa sababu lilikuwa zuri. Malori mengine mengi, yale ya Buick iliyokatwa na kitanda cha mbao, hayakubahatika. Chumvi ya Bonneville inakula chuma, na lori la kazi halikaushwi wala halipakwi mafuta kama gari la mashindano. Likichoka, injini inatolewa, ekseli inauzwa, kilichobaki kinarudi kwenye skrepa kilikotoka. Magari ya mashindano yako makumbusho, yana namba, yana majina ya madereva. Malori utayaona pembeni ya picha za zamani, nusu yamekatwa na ukingo wa picha, na maelezo ya chini hayayataji.

Wapo watakaosema ni kawaida, historia humwandika anayeshinda. Sawa. Lakini mimi ni mwandishi, na nimegundua kwamba historia haijiandiki yenyewe. Kuna mtu alisimama pale na kamera akaamua ukingo wa picha uishie wapi. Kuna mtu alikuwa na daftari akaamua nani aulizwe jina. Jumapili ile mtu huyo nilikuwa mimi.

Nimempigia mmoja wa watu wa timu ile kuuliza jina la yule mzee. Akanijibu kwamba lori lilikuwa la kukodi, dereva wanamwita Mzee tu. Mbio zijazo ni baada ya miezi mitatu. Nimemwomba mhariri anipange tena, amesema ataangalia. Asiponipanga nitakwenda kwa nauli yangu, nianzie pale malori yanapoegeshwa.

Kama una baba, mjomba au babu aliyewahi kuendesha lori la timu ya mbio hapa kwetu, mwulize leo, tena andika. Tarehe, njia, lori lilikuwa la aina gani, nani alilirefusha. Sisi ndio tutakaoulizwa.

Tuko pamoja.